"Mahari Haijarudi, Watoto Hawatoki": Mume Wangu Kawapeleka Watoto Kwa Mama Yake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Binti ana miaka 10, yuko darasa la nne. Mdogo wake wa kiume ana miaka 4. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2013 na mahari ililipwa, ng'ombe sita na fedha. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Akitoka safari ni wiki tatu au mwezi, na foleni ya mpakani ikiwa ndefu anapitiliza.

Mwezi wa pili mwaka huu tuligombana akanipiga mpaka nikashonwa juu ya jicho. Nilichukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nikatibiwa, kisha nikaenda kwa dada yangu na watoto wote wawili. Polisi sikurudi tena kwa sababu wakwe walinisihi tuyamalize nyumbani. Ilipofika likizo ya Pasaka akaja kwa upole, akasema anawapeleka watoto Geita wakamsalimie bibi yao na shule zikifunguliwa atawarudisha. Nikawafungashia nguo mwenyewe. Shule zikafunguliwa, hawakurudi. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeniambia kwamba binti ameombewa uhamisho. Sasa ni miezi minne.

Nilipanda basi nikaenda. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanipikia, nikalala na wanangu. Asubuhi shemeji yangu akanisimamia mlangoni: "Wewe ukitaka kwenda nenda, ila watoto wa ukoo huu hawatoki. Mahari haijarudi." Mume wangu naye kwa simu akasema nimekimbia ndoa, kwa hiyo sina haki tena. Akasema hata nikienda mahakamani hakimu atampa yeye, maana ana mshahara na nyumba, na mimi nauza chai na vitumbua stendi na nimepanga chumba na sebule. Akamalizia kwamba mdogo akifikisha miaka saba ni wake kisheria, nisijisumbue.

Nilikwenda kituo cha polisi, nikaambiwa hilo ni suala la kifamilia, niende Ustawi wa Jamii. Sijaenda, kwa sababu nilikuwa nasubiri wazee wa pande zote mbili wakae, na kikao kinaahirishwa kila mara.

Kinachoniumiza zaidi ni binti yangu. Alinipigia kwa simu ya bibi akasema, "Mama, mimi nabaki na baba." Sijui kama amefundishwa. Mdogo yeye kila siku anauliza naenda lini kumchukua.

Dada yangu anashauri twende siku ya shule, binti tumchukue getini, mdogo tumbebe, tupande basi la usiku. Je, nifanye hivyo? Je, ni lazima nidai talaka kwanza? Talaka siitaki sasa hivi, nataka wanangu. Na nina hofu nyingine. Juzi aliniandikia, "Nitawapeleka ambako hutawaona," na yeye mpaka anaupita kila mwezi.

Mama wa Wawili, Morogoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kipigo, na pole kwa miezi hii minne ya kuishi mbali na wanao.

Nianze na la basi la usiku, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuharibu mengine yote: usiende. Najua dada yako anasema kwa uchungu, na kwa kuwa hakuna amri yoyote ya mahakama hadi sasa, wewe ni mzazi mwenye haki sawasawa na baba yao. Lakini fikiria asubuhi yake. Mtoto wa miaka 10 anavutwa getini mbele ya wenzake, mdogo analia kwenye basi, shemeji zako wanakufuata Morogoro, na wao watawachukua kwa njia ileile. Ukija kusimama mbele ya hakimu, habari ya kwanza atakayosikia haitakuwa ile ya jicho lako kushonwa, itakuwa ya watoto kuporwa shuleni. Leo wewe ndiye uliyewatoa watoto kwa nia njema na ukadanganywa. Hiyo ni nafasi nzuri mbele ya sheria, usiitupe.

Sasa hili la ukoo na mahari. Shemeji yako hakulitunga. Sheria za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 ziliwaweka watoto wa ndoa upande wa baba, na wazee wengi wamekua wakiamini hivyo. Lakini mwaka 1971 ilikuja Sheria ya Ndoa, na kifungu chake cha 125 ndicho hakimu wa Tanzania Bara anachokifungua wazazi wanapogombania watoto. Kinasema jambo kuu kuliko yote ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo ndipo yanakuja matakwa ya baba na mama, maoni ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kuweza kutoa maoni yake kwa uhuru, na mila za jamii mnayotoka. Mila imo, ila iko chini ya ustawi wa mtoto na haiwezi kuupiku. Ng'ombe sita hazijatajwa popote. Mahari irudi isirudi, hakimu hatagawa watoto kwa hesabu ya mifugo, na wewe usikubali kuingia kwenye mjadala huo hata kwenye kikao cha wazee.

Na miaka saba je? Hapa mume wako ameshika nusu ya jambo. Kifungu hichohicho kinaweka dhana kwamba ni vema mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake. Ni dhana tu, na inaweza kuvunjwa kwa ushahidi kama mama ana jambo linalomhatarisha mtoto, lakini mzigo wa kuivunja uko kwa anayepinga. Kwa mwanao wa miaka 4, wewe unaanza ukiwa mbele. Kitu ambacho sheria haisemi kabisa ni kwamba siku mtoto anapotimiza miaka 7 anahamishiwa kwa baba. Nimesikia kauli hiyo mara nyingi mno, hata kwa watu wenye elimu zao, na akina mama wengi wamefungasha mabegi ya watoto wenyewe kwa kuiamini. Baada ya miaka 7 dhana ile inaondoka na kipimo kinabaki kilekile: ustawi wa mtoto huyu, katika nyumba hii au ile.

Lakini sikia sehemu ya pili ya kifungu hicho, maana ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka. Hakimu anapopima dhana hiyo ya miaka 7, sheria inamtaka aangalie pia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha-hamisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataja umuhimu wa malezi yasiyokatika-katika. Unaona hatari iko wapi? Kila mwezi mtoto anaokaa Geita, akizoea kitanda, marafiki na lugha ya bibi yake, upande wa pili unapata neno la kusema: "Mheshimiwa, mtoto ametulia, kwa nini tumsumbue tena?" Miezi minne bado inaelezeka, hasa ukionyesha kwamba uliwatoa kwa ajili ya likizo tu. Miaka miwili haitaelezeka hivyo. Kwa hiyo kikao cha wazee kiendelee kwa heshima zake, lakini usikisubiri. Wazee wakielewana, makubaliano yao yanaweza kuandikwa na kupelekwa mbele ya hakimu. Wakiahirisha tena, faili lako liwe limeshafunguliwa.

Hili la "umekimbia ndoa" lisikunyime usingizi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mtu aliyeondoka na watoto wake akiwa na jeraha linalovuja damu hakutelekeza nyumba, amejiokoa. Hata kwenye kesi ya talaka, utelekezaji unaohesabiwa ni ule wa makusudi uliodumu angalau miaka mitatu. PF3 yako iko wapi? Kama nakala imepotea, rudi hospitali ulikoshonwa uombe maelezo ya matibabu, na uende Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi uombe taarifa ya lile tukio. Sikuambii hivi ili umfunge mume wako, hilo utaamua mwenyewe. Nakuambia kwa sababu ukatili ndani ya nyumba unamhusu mtoto moja kwa moja, na hakimu anapaswa kuujua anapoamua mtoto alale wapi.

Kuhusu fedha, mume wako amekutisha kwa kitu ambacho kisheria kinamrudia yeye. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamwekea baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, malazi, mavazi, chakula na elimu, iwe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine. Maana yake mahakama inaweza kuamuru watoto wakae kwako na mshahara wa lori uwafuate huko. Sheria ya Mtoto inapopanga kiasi cha matunzo inaangalia kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Vitumbua vyako navyo ni kipato, vitaje bila aibu: unaamka saa ngapi, unauza kiasi gani, siku nzuri unabaki na shilingi ngapi. Chumba na sebule si kosa. Kinachotafutwa ni kama mtoto ana mahali pa kulala, anakula, anavaa, shule iko karibu, na kama kuna mtu mzima wa kuaminika wa kubaki naye wewe ukiwa stendi alfajiri. Swali hili la mwisho lipatie jibu kabla hujaulizwa, kwa sababu litaulizwa. Kama dada yako ndiye atakayekaa na mdogo saa za asubuhi, awe tayari kusema hivyo mwenyewe.

Na hapa kuna jambo ambalo huenda hujalitilia maanani. Mume wako anasema watoto wako kwake, lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba akienda Lubumbashi haonekani wiki tatu hadi mwezi. Basi nani anayewalea? Bibi. Sheria ya Mtoto inasema ni afadhali mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa kama haki zake zinavunjwa huko mara kwa mara. Kwa hiyo mashindano hayapo hasa kati yako na mume wako. Swali litakalokuwa mezani ni kama mtoto wa miaka 4 alelewe na mama yake mzazi aliye hai, mwenye afya na anayemtaka, au na bibi yake wakati baba yuko barabarani. Liseme hivyo kwa utulivu, na usimseme vibaya yule mama. Amekupikia, amekulaza na wanao. Huyo anaweza kuwa shahidi wako bila hata kujua.

Sasa binti. Mwanangu, najua neno lile lilikuchoma, lakini usimuulize tena kwa simu kama amefundishwa, na usimwambie amekuumiza. Mtoto wa miaka 10 aliyeona mama akipigwa, akahamishwa mkoa na shule, anaweza kusema "nabaki na baba" kwa sababu nyingi: anamwogopa, anamhurumia, amechoka kuhama, au anampenda tu baba yake, jambo ambalo ni halali yake. Mahakama inaweza kumsikiliza, na kwa umri wake maoni yake yatapewa uzito, ila si yeye anayeamua. Hakimu atatafuta kama maoni hayo ni yake au ya mtu mwingine. Ukianza kumpanga aseme vingine, nawe utakuwa umefanya kilekile unachokishuku. Mpigie, muulize habari za masomo, mchekeshe, mwache.

Tena yeye yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa. Ameshahamishwa mara moja. Ukiomba ahamishwe tena wiki chache kabla ya mtihani, ombi lako litaonekana kama la mtu anayetaka kushinda. Mimi ningekuwa wewe ningeomba amri ya muda ili mdogo arudi kwako sasa, na binti arudi baada ya kumaliza mtihani, na katikati apewe muda wa kuongea nawe kwa simu na kuja kwako likizo. Najua unawataka wote wawili leo. Kuna ubishi pia wa kutenganisha ndugu: Sheria ya Mtoto inasema ni vema ndugu wakae pamoja, ila Sheria ya Ndoa inamruhusu hakimu kumwangalia kila mtoto peke yake. Ndiyo maana ombi lako lieleze kwamba kutengana huko ni kwa miezi michache, na lengo ni wakae pamoja.

Talaka si lazima. Kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa kesi ya ndoa: huwezi kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza likatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hilo linaweza kuwa la kata au la dini yenu. Ukiingia kwa mlango huo, suala la watoto linaamuliwa humohumo pamoja na mali. Lakini wewe umesema talaka huitaki, basi mlango wako ni wa pili: maombi ya malezi chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto, katika Mahakama ya Watoto, ukiomba na matunzo kwa wakati mmoja. Huko huhitaji hati ya baraza. Anza Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri, wiki hii. Wanaweza kumwita mume wako na kujaribu kuwapatanisha, na akikataa kuja, kumbukumbu zao zitakusaidia. Masjala ya mahakama watakuuliza watoto walikuwa wanaishi wapi kabla ya Pasaka na wako wapi sasa. Waeleze yote mawili kwa tarehe, kwa sababu ndiyo yatakayoelekeza faili lifunguliwe wapi.

Usiiogope mahakama hiyo. Anayeketi ni hakimu mkazi, shauri halisikilizwi mbele ya umati, na sheria yenyewe inataka mwenendo wake usiwe wa ukali wa mahakama za kawaida. Afisa ustawi wa jamii anahudhuria. Huenda akaombwa kuandika ripoti, na hapo atakuja kwako na mwenzake ataenda Geita. Usiazime kochi la jirani. Aone unavyoishi kweli, aone pale mtoto atakapolala, aongee na dada yako na majirani. Maofisa hawa wameshaingia nyumba nyingi, wanajua nyumba iliyopangwa kwa ajili yao.

Utakachobeba ni maisha ya watoto yaliyoandikwa. Vyeti vya kuzaliwa. Kadi za kliniki, na hapa mama wengi hawajui wana hazina mkononi, kwa maana kadi inaonyesha mtoto alipelekwa kliniki gani, tarehe gani, mwezi hadi mwezi. Ripoti za shule. Miamala ya simu uliyolipia michango, madaftari na sare. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba watoto walikuwa wanaishi hapo na wewe. Mwalimu wa darasa akikubali kusema ni mzazi gani alikuwa anakuja kwenye vikao vya wazazi, hiyo ni nguvu kubwa. Na ujumbe wa mume wako, ule wa "watarudi shule zikifunguliwa" kama aliuandika, na ule wa "ambako hutawaona." Ushahidi wa kielektroniki unakubalika mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini usiufute kwenye simu, na usibadilishe simu ukabaki na picha tu ya ujumbe. Kama simu yako ni mbovu, itengeneze kabla ya jambo lolote.

Kuhusu mpaka, hofu yako haina upuuzi ndani yake, kwa kazi anayofanya na kwa maneno aliyoandika. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mzazi kumtoa mtoto nje ya Tanzania. Omba zuio hilo ndani ya maombi yako ya muda na uambatanishe ule ujumbe. Ukipewa, usiiweke amri sandukuni. Nakala yenye muhuri ipelekwe Uhamiaji.

Wakili ni ghali, najua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo hadi ngazi ya wilaya. Ofisi ya Ustawi itakuelekeza kwa waliosajiliwa. Pia kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kuna WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, na kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Wote hawa wanasaidia watu wasio na uwezo bila malipo, na hata kukuandikia maombi na hati ya kiapo tu ni msaada mkubwa. Simu ya watoto ni 116, haina gharama. Ukisikia mtoto anapigwa au amenyimwa shule, piga hapo usisubiri tarehe ya kesi.

Baba wanaosoma jibu hili, wengine mtasema Shangazi anapendelea. Nawajibu kwamba sheria hizi ni zenu pia. Baba aliyekuwa akimwogesha mtoto, akimpeleka kliniki na kukaa naye chini kufanya kazi za shule anaweza kuvunja ile dhana ya miaka 7, na wapo waliopewa watoto wadogo kwa sababu hiyo. Mama akimficha mtoto baba asimwone, baba naye aende kwenye mlango huohuo wa Ustawi na Mahakama ya Watoto. Sheria ya Mtoto inasema ni haki ya mtoto kumtembelea na kukaa na mzazi asiyeishi naye, mradi masomo yake hayavurugiki. Haki hiyo ni ya mtoto, kwa hiyo mzazi hawezi kuiuza wala kuikata kwa hasira, hata kama mwenzake hajatoa matunzo. (Ndugu zangu wa Zanzibar, yenu ni tofauti: Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko, mna Mahakama za Kadhi kwa Waislamu na mna Sheria ya Watoto yenu ya mwaka 2011. Msichukue vifungu vya hapa mkavipeleka Mwanakwerekwe.)

Ndiyo maana, mwanangu, maombi yako yasiishie kwenye "nipewe watoto." Pendekeza mwenyewe jinsi baba atakavyowaona. Safari zake hazina ratiba, basi usiandike "kila Jumamosi," andika kwamba akirudi safari awe na siku zake nao kwa kukutaarifu mapema, na likizo ndefu waende Geita kwa bibi kwa tarehe zilizoandikwa za kwenda na kurudi. Simu kwa bibi jioni zilizokubaliwa. Mzazi anayekuja na mpango wa kumpa mwenzake nafasi anamwonyesha hakimu kwamba watoto wakikaa kwake hawatapoteza upande wa pili. Na kwa kuwa uliwahi kudanganywa kwa maneno "watarudi shule zikifunguliwa," safari hii tarehe ya kurudi iwe ndani ya amri, kwa siku na kwa mahali pa kukabidhiana. Akiikiuka, utarudi mahakamani na karatasi mkononi, na polisi hawataweza tena kukuambia ni suala la kifamilia.

Amri ikitoka, omba nakala kadhaa zenye muhuri. Moja mpe mwalimu mkuu wa shule ya binti, ili uhamisho usifanyike tena kwa saini ya mzazi mmoja. Nyingine Ustawi wa Jamii, nyingine mwenyekiti wa mtaa, na ya kwako itie mfuko wa nailoni pamoja na zile kadi za kliniki.